Preampli ya Baba, ampli ya kanisa: kwa nini besi imekonda?

"Papa Fundi, jambo. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Baba alituachia preampli ya lampu aliyokuja nayo kutoka Ubelgiji. Ampli yake ilikufa zamani, lakini preampli bado inawaka. Juzi kanisa moja lilibadilisha vyombo vyake, nikanunua ampli yao kwa bei nzuri, wati 300 kila upande kwa bafle (spika) za omu 8. Nimeziunganisha na bafle zangu zilezile ambazo, nilipokuwa na ampli ndogo, zilijaza nyumba besi. Sasa besi ya rumba imekonda, kama mpiga besi amekaa nje ya mlango. Kuna 'shhhh' isiyonyamaza hata muziki ukisimama. Kizungushio cha sauti nikikigusa kidogo tu, majirani wanaamka. Cha ajabu, sahani za gitaa za Baba zinalia vizuri. Fundi wa kwanza kasema preampli haina wati za kusukuma ampli kubwa namna hii, nitafute yenye nguvu zaidi. Wa pili kasema omu hazilingani: preampli inatoka kwa omu 2,500, ampli inaingia kwa omu 10,000, na lazima ziwe sawa. Alipofungua preampli aliona kondensa za kutokea ni za mikrofaradi 0.22. Kwenye karatasi zake nimesoma kwamba preampli inakuza mara 10, na ampli inataka volti 0.775 ili ifike wati zake zote. Niuze kipi?"

Ndugu yangu, usiuze kitu bado. Na asante kwa kuniandikia namba. Wengi huniambia tu "sauti haiko sawa", nami nabaki kupapasa gizani. Wewe umenipa karibu kila ninachohitaji, pamoja na hilo la gitaa ambalo kwako ni la ajabu na kwangu ndilo ufunguo.

Kwanza tutenganishe. Una magonjwa mawili. Besi kukonda ni la kwanza. Ile "shhhh" na kizungushio kisichoshikika ni la pili. Yameingia nyumbani siku moja kwa sababu vyombo viliingia siku moja, lakini chanzo chake ni mbalimbali, na ukitibu moja lingine linaweza kubaki palepale. Bafle zako tuziache kando: zilikuwa na besi jana, na hazijabadilika.

Fundi wa kwanza amekosea, na kosa lake lingekugharimu pesa. Preampli haisukumi ampli kwa wati. Inachoipa ni mfano wa sauti tu, kwa njia ya volti, na ampli yenyewe ndiyo inayochota nguvu kwenye prizi ya ukutani na kuipeleka kwenye bafle kwa kufuata mfano huo. Piga hesabu kwa namba zako: volti 0.775 kwenye omu 10,000 ni nguvu isiyofika hata sehemu moja ya elfu kumi ya wati. Kwa chembe hiyo ampli yako inatoa wati 300. Hakuna preampli duniani yenye "wati nyingi zaidi" itakayokurudishia besi.

Fundi wa pili yuko karibu na ukweli, ila ameushika kwa mkia. Ni kweli tatizo liko kwenye zile omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Si kweli kwamba lazima zilingane. Kanuni ya kulinganisha ilitoka kwenye laini ndefu za simu, ambako vyombo vilifungwa kwa omu 600 pande zote mbili, na ilikuwa na maana huko. Hiyo volti 0.775 uliyoisoma ni masalia ya enzi hizo: ndiyo volti inayotoa milliwati moja kwenye omu 600. Kati ya preampli na ampli ya nyumbani tunataka kinyume chake. Anayetoa awe na omu chache, anayepokea awe na omu nyingi, tena nyingi sana.

Fikiria maji ya REGIDESO, shirika letu la maji, yanapoingia kwenye lupango lenu, yaani uani kwenu. Volti ndiyo presha ya maji. Omu za kutokea za preampli ni bomba jembamba linaloleta maji. Omu za kuingilia za ampli ni jinsi robine ilivyofunguliwa: omu nyingi ni robine inayodondosha matone, omu chache ni robine iliyoachwa wazi. Bomba likiwa jembamba na robine ikidondosha tu, presha inabaki nzima mpaka mwisho. Jirani akiifungua yote, presha inaanguka kwa kila mtu. Sisi tunataka presha ifike, wala hatuhitaji maji mengi. Ndiyo maana mafundi wa sauti husema ampli iwe na angalau mara kumi ya omu za preampli. Wewe una mara nne.

Lakini mara nne peke yake haiwezi kukonda besi. Ingekupunguzia sauti yote kwa pamoja, juu na chini, kama desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ungezungusha kidogo ukasahau. Anayeila besi ni ile kondensa.

Kondensa hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Ndani ya preampli ya lampu kuna volti mamia za mkondo mnyoofu, na zikitoka zikaingia kwenye ampli, kitu kitaungua. Kondensa inazizuia, inaruhusu mtikisiko wa muziki tu upite. Rudi kwenye bomba: ni kama ngozi ya ngoma iliyowambwa ndani yake. Maji hayapiti, ila ukiitikisa upande huu, upande wa pili unatikisika pia. Mtikisiko wa haraka, yaani sauti nyembamba, unapita bila taabu. Mtikisiko wa polepole, yaani besi, unahitaji ngozi inyooke mbali zaidi kila mara, hasa kama robine ya upande wa pili iko wazi na maji yanakimbia. Ngozi ndogo, robine wazi: besi inakwama hapo.

Hesabu yake ni fupi. Jumlisha omu za preampli na za ampli, zidisha kwa kondensa (kwa faradi: mikrofaradi ni sehemu moja ya milioni ya faradi), zidisha tena kwa 6.28, halafu gawa 1 kwa jibu hilo. Kwako ni omu 12,500 na mikrofaradi 0.22, na jibu linakuja karibu hezi 58, yaani mitikisiko 58 kwa sekunde. Hapo besi imeshashuka desibeli 3, na chini ya hapo inaendelea kuteremka.

Sasa tazama gitaa la Baba. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida unalia kwenye hezi 82. Kwa kondensa yako, hapo kinapotea kiasi cha desibeli 1.7 tu, na sikio linasamehe. Kama ni zile rekodi za gitaa moja na sauti ya mtu, mfano wa zile mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, hutakosa chochote: dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene na kila hatua inasikika. Gitaa la besi la rumba ni jambo lingine. Uzi wake wa chini uko kwenye hezi 41, na hapo unapoteza karibu desibeli 5. Mpiga besi wako kweli amekaa nje ya mlango, na aliyemtoa ni kondensa ya mikrofaradi 0.22.

Aliyetengeneza preampli ya Baba hakuwa mjinga. Alitegemea itaunganishwa na ampli ya lampu ya wakati wake, na nyingi kati ya hizo zilipokea kwa omu 100,000. Kwa omu hizo, kondensa ileile inashuka mpaka hezi 7. Ampli za ukumbini na kanisani zimetengenezwa kwa mikseta za kisasa zenye omu chache mno za kutokea, kwa hiyo omu 10,000 hazizisumbui. Kila chombo ni kizima. Vimekutana tu bila kutambulishwa. Na uone pia kwamba ile kanuni ya mara kumi isingekuokoa peke yake: hata kama ampli ingekuwa ya omu 25,000, bado ungebaki kwenye hezi 26. Kwenye vyombo vya lampu, uliza kondensa kabla ya kuuliza kitu kingine.

(Atakuja mtu kukuuzia waya nene za shaba. Tuko kwenye mji wa shaba, kila mtu hapa anaamini dawa ni shaba. Waya wa mita moja au mbili hauna mkono katika hili.)

Ugonjwa wa pili. Wati 300 kwenye omu 8 ni volti 49. Ampli inazipata kutoka kwa 0.775, maana yake inakuza mara 63. Preampli nayo inakuza mara 10. Halafu mashine ya CD, kwa kawaida, inatoa volti 2 ikiwa juu kabisa. Volti 2 mara 10 ni 20, na ampli ilihitaji 0.775 tu! Una farasi wawili wanaokimbia na mkokoteni usio na mzigo. Nyumbani, kwa sauti ya mazungumzo na muziki, bafle hutumia wati moja au chini yake, na kwa wati moja ampli yako inahitaji milivolti 45 tu za kuingilia. Ndiyo sababu kizungushio kinafanya kazi yote kwenye pembe ya kwanza kabisa, mahali ambapo upande wa kushoto na wa kulia mara nyingi havilingani. Jaribu usikilize: kwenye sauti ndogo sana mwimbaji haegemei upande mmoja?

Ile "shhhh" ni mnong'ono wa lampu unaokuzwa mara 63. Kwenye preampli nyingi kizungushio kiko kabla ya lampu ya mwisho, kwa hiyo ukishusha sauti unashusha muziki, mnong'ono unabaki ulivyo. Hili unaweza kulihakikisha leo bila kutumia faranga. Bila muziki, zungusha kizungushio cha preampli. "Shhhh" isipobadilika, inazaliwa baada yake. Kisha nenda kwenye ampli. Karibu zote za aina hiyo zina vizungushio viwili vya mbele. Virudishe nyuma mpaka kwenye alama ya desibeli 15 hivi chini. Ikinyamaza, imetoka kwenye preampli. Isiponyamaza hata vikifungwa kabisa, ni ya ampli yenyewe, na hapo hakuna tunachofanya kwenye preampli kitakachosaidia.

Hapo kuna imani nyingine ya kuondoa, maana naikuta hata kwa watu waliozeeka kwenye kazi: kwamba vizungushio vya ampli vikiwa nusu, wati nazo zinakuwa nusu. Hapana. Vinapunguza kinachoingia tu. Ukiingiza zaidi, wati 300 zote bado ziko pale zinakusubiri, na bafle zako vilevile zinaweza kuungua. Kwa hiyo kuvishusha si kuipunguzia ampli heshima, na usiogope kuviacha hapo daima.

Vizungushio hivyo vinatibu "shhhh". Besi havitaigusa, kwa sababu mara nyingi viko ndani, baada ya mlango wa omu 10,000. Dawa ninayoipenda mimi inatibu yote mawili kwa mpigo, na bei yake haifiki ya chupa ya soda: rezista moja, kipande kidogo kinachozuia umeme, ya omu 47,000 kila upande, imefungwa kwa mfululizo kwenye waya wa sauti, ndani ya fishi ya upande wa ampli. Preampli sasa inaona omu 47,000 na 10,000 pamoja, yaani 57,000. Robine imefungwa mpaka matone. Rudia hesabu: kutoka hezi 58 unashuka mpaka 12. Kwenye hezi 41 upungufu ni chini ya nusu desibeli, na mpiga besi amerudi sebuleni. Papo hapo, kwa kuwa ni sehemu ndogo tu ya volti inayoingia kwenye ampli, umepunguza kelele ya preampli kwa desibeli 13 hadi 14, na kizungushio kitasogea mbele mahali ambapo vidole vinaweza kukishika. Nguvu hujapoteza: preampli ikitoa volti 5 hivi, ampli inafika mwisho wake, na kwa lampu nyingi volti 5 ni kazi nyepesi.

Chukua rezista ya filamu ya metali, robo wati inatosha, na zote mbili ziwe za asilimia 1 ili kushoto na kulia vilingane. Nimesema upande wa ampli kwa sababu: ukiiweka upande wa preampli, waya mzima unaofuata unakuwa mwepesi kuokota mngurumo.

Fishi za ampli yako bila shaka ni zile kubwa za pini tatu, na za preampli ni RCA, zile ndogo za duara. Namba zimechorwa ndogo sana karibu na kila pini, tafuta mwanga. Waya wa kati wa RCA upite kwenye rezista uende pini ya 2. Waya wa nje uende pini ya 1. Pini ya 3 iunganishwe na ya 1 kwa kipande kifupi. Wengi huiacha pini ya 3 ikining'inia, halafu wanashangaa sauti imepungua na mngurumo umeingia.

Njia nyingine zipo, na nitakuwa mkweli nazo. Unaweza kumpa fundi abadilishe zile kondensa, aweke za filamu za mikrofaradi 1, zenye uwezo wa volti 400 au zaidi. Utashuka mpaka hezi 13 hivi, na kama zilizomo ni za zamani, kuzibadilisha kuna faida yake. Lakini "shhhh" itabaki, na itabidi uivumilie au ushushe vizungushio vya ampli. Usimruhusu aweke kubwa sana kwa tamaa: sahani iliyopinda ina mtikisiko wa chini ambao hausikiki, nao ukifika kwenye bafle unasukuma kitambaa chake mbele na nyuma bure. Njia ya tatu ni kununua preampli ya transista, nyingi zina omu mia moja au mia mbili za kutokea. Itafanya kazi vizuri, na preampli ya Baba itabaki kuwa pambo. Njia ya nne hakuna anayeipenda kuisikia: kama CD peke yake ingekutosha, wala huhitaji preampli, kwa sababu volti 2 zinazidi ampli inachotaka na vizungushio vyake vingekutosha. Ila una sahani, na sahani zinahitaji preampli.

Ukinibana niseme nini ningeuza, ningeuza ampli. Wati 300 ni nyingi kwa sebule, na nyingi za aina hiyo zina feni inayovuma wakati wa nyimbo za polepole. Lakini jaribu rezista kwanza.

Nina wasiwasi na jambo moja kuliko hayo yote, nalo ni umeme wetu. Kwa kawaida unawasha preampli kwanza, unaiacha ipate moto kama dakika moja, ndipo ampli. Wakati wa kuzima, ampli kwanza. SNEL, shirika letu la umeme, haifuati utaratibu huo. Umeme ukikatika usiku na vyote vikiwa vimewashwa, ukirudi vinaamka pamoja, lampu bado baridi, kondensa zinajaa kwa kishindo, na kishindo hicho kinakuzwa mara 63 mpaka kwenye bafle. Nimeona bafle nzuri ikifa namna hiyo, mwenyewe akiwa amelala. Umeme ukikatika tu, nyoosha mkono uzime ampli, gizani hapohapo. Stabilizateri inasaidia volti zinapopanda na kushuka, lakini kishindo hicho haikizuii. Ukisikia mngurumo mzito baada ya kuunganisha, usikate waya wa udongo wa ampli, ule wa usalama unaokwenda ardhini, hata fundi akikuambia ndiyo dawa. Mwambie aangalie pini ya 1 na ya 3.

Kabla ya kuunganisha tena, azima multimeta, iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu. Washa preampli peke yake, ngoja dakika tano, pima kwenye RCA ya kutokea. Milivolti chache ni sawa. Ukiona nusu volti au zaidi inayokaa, kondensa ya zamani inavuja: zima, na usiiunganishe na chochote. Pima pia kwenye sehemu ya kutokea ya ampli, bafle zikiwa zimetolewa. Ikipita milivolti 100, simama. Kwa hali hizo mbili, au ukinusa kitu kinaungua, au lampu moja ikiwaka nyekundu kwenye bati lake na si kwenye uzi wa katikati, hayo si ya kutengenezea mezani kwako. Mpelekee fundi, na wala usimfungulie yeye kifuniko, kwa sababu volti mamia zinaweza kubaki ndani hata fishi ikiwa imetolewa ukutani.

Utamjuaje? Muulize anazimaliza vipi volti za kondensa kubwa kabla hajaweka mkono, na anaipima ampli kwa kutumia nini. Akijibu kwamba anatumia bisibisi kuzipigisha cheche, au kwamba ataipima kwenye bafle zako, chukua mzigo wako urudi Katuba. Akikuonyesha rezista yake ya kumalizia volti na rezista kubwa ya omu 8 ya kupimia, mwachie, na umwonyeshe hesabu ya hezi 58 ili asikuuzie preampli nyingine.